Sura ya Saba: Kuku Namba Kumi na Nne

Yai la ishirini na tatu lilikuwa viza. Marcelino aliligeuza mara mbili mbele ya tundu la boksi, balbu ikiwaka ndani, asione mshipa hata mmoja. Kivuli kizito tu kikielea huku na huku kama mafuta kwenye maji. Akaliweka mkono wa kushoto, kwenye bakuli la yasiyofaa, akachukua la ishirini na nne.

Hili lilikuwa hai. Mishipa myekundu ilikuwa imetanda kila upande, na katikati yake doa jeusi likashtuka, likatulia, likashtuka tena. Siku ya kumi. Akashika penseli, akachora mstari kuizunguka ile ncha pana inayokaa hewa, akaandika tarehe juu ya namba ndogo iliyokuwa tayari kwenye ganda. Kisha akalisimamisha kwenye trei, ncha pana juu, kama alivyofundishwa.

Chumba kilikuwa cha uani, katika nyumba ya vyumba sita Mtaa wa Mafia, Kariakoo. Dirisha alikuwa ameliziba kwa kanga kuukuu ya dada yake Angelina ili mwanga wa saa tisa mchana usiingie. Pembeni ilikaa mashine ya kutotolesha aliyoiunda mwenyewe kwa mbao za masanduku ya chai, ikipata joto lake kwenye taa ya mafuta. Hakuna aliyemfundisha kuiunda. Aliharibu mayai mia tatu kabla haijakubali.

"Hodi wenyewe."

Penseli ilisimama hewani. Sauti ile alizoea kuisikia siku ya Jumatano, naye kila Jumatano alivaa shati la kola. Leo ilikuwa Jumanne, na alikuwa na fulana yenye tundu begani.

"Shikamoo, dada Angelina."

"Marahaba, Mwalimu," Angelina alijibu toka uani, alipokuwa amekaa akimnyonyoa kuku wa mteja. "Leo si Jumanne? Au chuo kikuu mna kalenda yenu?"

"Kalenda ni hiyohiyo, dada. Mimi ndiye nimeshindwa kusubiri."

Angelina akang'oa manyoya kwa nguvu zaidi. Marcelino aliusikia ule mng'oo, akajua maana yake.

Miezi minane ilikuwa imepita tangu Josepha Ndunguru afike kwenye meza ya Angelina sokoni, na kuuliza kwa adabu zote kama wana mayai ya kuku wanaokaa na jogoo. Wauzaji wa meza zote walicheka. "Binti," alidakia mmoja, "unatafuta yai au unatafuta mchumba?" Josepha hakuona haya. Alieleza kwamba anafundisha wanafunzi wa udaktari kule Upanga, kwamba somo lake ni virusi, na kwamba kirusi hakioti kwenye supu wala kwenye sukari kama vijidudu wengine. Kinataka kitu kilicho hai. Yai lenye kifaranga ndani ndilo shamba lake. Yai lisilo na jogoo kwake ni sawa na jiwe.

Waliocheka walirudi kwenye biashara zao. Marcelino alibaki na swali moja, akalitoa: "Sasa kirusi chenyewe, kabla hujakitia kwenye yai, kinakaa kikila nini?"

Josepha alimtazama kwa muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji. "Hakili chochote," alisema. "Kinasubiri."

Tokea siku hiyo alikuja kila Jumatano. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, amesoma Ulaya miaka minne, na kila wiki aliondoka na mayai arobaini kwenye kikapu kilichotandikwa pamba. Marcelino, aliyeishia darasa la nane kule Ndanda, kila wiki alibaki na maswali mengine arobaini. Kirusi kinalala? Kinazeeka? Kikikosa kuku kinakwenda wapi? "Wanafunzi wangu," Josepha aliwahi kumwambia, "huniuliza kipi kitatoka kwenye mtihani. Wewe hujawahi kuniuliza kitu cha mtihani."

Sasa alisimama mlangoni mwa chumba cha giza, bila kikapu. Viatu vyake vilikuwa na vumbi. Alikuwa ametembea toka Upanga, akakatiza pale Faya, kwenye kituo cha zimamoto. Kwapani alibana daftari lenye jalada gumu.

"Karibu, Mwalimu. Samahani, sikujua…"

"Ndugu Marcelino, kaa. Nimekuja kukuuliza kuhusu mayai yako. Sikulaumu, ninauliza tu."

Akakaa juu ya debe, akafungua daftari mapajani.

"Unajua kirusi changu cha mdondo nilikitoa hapahapa sokoni, kwa wale kuku waliokufa mwezi wa pili. Ni kikali. Nikikitia kwenye yai, kifaranga anakufa siku ya pili, siku ya tatu. Ndivyo ilivyokuwa toka mwanzo. Sasa wiki sita zimepita, mayai mia mbili na arobaini, na vifaranga wanakataa kufa."

"Wanakataa?"

"Wengi wanakataa. Ninawamulika asubuhi, wako wananitazama. Mioyo inapiga. Ninarudi kesho yake, wanaendelea kukua."

"Mwalimu," Angelina alisema toka nje, "kwetu sisi wafuga kuku, hiyo ni habari njema."

Josepha alicheka kidogo, bila furaha. "Kwangu ni msiba, dada. Mwisho wa mwezi anakuja mkaguzi. Akiona kazi ya wiki sita haina kichwa wala miguu, mashine yangu ya maabara anapewa mwenzangu mwenye utafiti unaosonga. Nitaambiwa nifundishe tu. Na kufundisha ninapenda, Mungu ananiona. Lakini mtu akifundisha mambo aliyoyasoma tu, asiyatafute mwenyewe, mwaka wa tatu anageuka kuwa redio."

Kisha akaanza kuuliza. Chakula cha kuku kimebadilika? Pumba zile zile, Marcelino alijibu, na dagaa wale wale. Maji? Ya bomba. Jogoo? Ni wale wawili. Joto la mashine? Alifungua daftari lake mwenyewe, la mistari, la shule, akamwonyesha joto la kila asubuhi na kila jioni. Mayai yamewahi kuchelewa kuingia kwenye mashine? Hapana. Banda limehamishwa? Hapana.

Alijibu kila swali kwa utaratibu, kidole kikishuka na kurasa. Kilipofika ukurasa wa tarehe kumi na mbili, mwezi wa nne, kikasimama.

Pale palikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wake mwenyewe. *Bwana mifugo kafika. Chanjo ya mdondo.*

Josepha hakukiona kidole. Alikuwa akiandika. Naye Marcelino akakumbuka Jumatano moja ya masika, mvua imewafungia chumbani humu, alipomuuliza kwa nini mtoto mchanga hapati surua hata nyumba nzima ikiugua. "Kwa sababu mama yake aliugua zamani," Josepha alisema. "Kinga ya mama humwingia mtoto akiwa tumboni. Inamlinda miezi michache, kisha inakwisha." Marcelino alilipenda jambo lile. Usiku alilirudia kichwani kama mtu anayerudia jina la mtu.

Sasa alilirudia tena. Mama ni kuku. Mtoto ni yai.



Angeweza kunyamaza. Mwalimu hakuuliza habari za chanjo, kwa sababu mtaa mzima ule hakuna aliyewahi kuchanja kuku. Watu walisubiri mdondo upite, wakahesabu waliobaki. Akinyamaza, Josepha atasema kirusi chake kimechoka, atatafuta kingine, na kesho Jumatano atakuja kama kawaida. Akisema, itambidi Josepha atafute kuku wasiochanjwa, Ilala huko au Magomeni. Mayai ndiyo yaliyomleta Mtaa wa Mafia. Yakikoma mayai, mwalimu wa chuo kikuu ana shughuli gani kwa muuza mayai?

Na Jumamosi iliyopita kaka yake Josepha, Ignasi, alikuwa amefika sokoni kwa shati jeupe. Aliuliza bei ya trei moja, akatazama mikono ya Marcelino kwa makini, akaondoka bila kununua.

"Ndugu Marcelino? Mbona umenyamaza?"

"Mwalimu." Alikiinua kidole. "Ukiambiwa kwamba mama zao wamechanjwa, utasemaje?"

Kalamu ya Josepha ilikoma.

"Mama zao nani?"

"Kuku wangu. Niliwachanja. Mwezi wa nne, tarehe kumi na mbili." Akageuza daftari ili asome. "Nadhani wanawapa watoto kinga, kama ulivyosema habari za surua. Nadhani ndiyo maana hawafi."

Uani, manyoya yaliacha kung'olewa.

Josepha alisoma ule mstari. Akausoma tena. Aliposema, sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

"Wiki sita, Marcelino. Nimefuta vyombo, nimechemsha maji, nimebadilisha sindano. Nimemgombeza mtumishi wa maabara mbele ya wanafunzi, mtu mzima mwenye wajukuu. Na wewe ulikuwa umeandika hapa. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka iwe kama zawadi. Nilifikiri kuku wenye afya watakupa mayai bora."

"Bwana mifugo wa Kariakoo hachanji kuku. Ulimtoa wapi?"

"Pugu," Angelina alijibu badala yake. Alikuwa amefika mlangoni, mikono imejaa manyoya. "Alimfuata kwa miguu mara tatu. Mara ya tatu alimpelekea jogoo. Jogoo mzima, Mwalimu! Nikamwambia, wewe una wazimu, tangu lini kuku akaletewa daktari? Akasema kazi ya watu isiharibike."

"Dada, tafadhali."

"Tafadhali nini? Si kweli?"

Josepha hakumtazama Angelina. Alimtazama Marcelino, na Marcelino akaona afadhali aseme yote, maana nusu yake ilikwisha mwagika.

"Mdondo ulipopita kwa jirani yetu Isidori," alisema, "alilala na kuku sitini, akaamka na wawili. Nikakaa hapa nikafikiri. Ukiingia kwetu, Mwalimu Jumatano atakuja kuchukua nini? Wangekufa kuku, ningenunua wengine. Sikuogopa hilo. Niliogopa ile Jumatano."

Nje kuku mmoja alitaga, akaanza kutangaza kwa makelele. Hakuna aliyemjali.

"Jumatano," Josepha alisema.

"Ndiyo."

"Wewe ulidhani kuku wako wakifa sitakuja?" Alifunga daftari, akalifungua tena, kama aliyesahau alitaka kufanya lipi. "Kuku waliokufa ndio kazi yangu, Marcelino! Wangekufa wote, ningekuja hapa kila siku. Ningehamia."

Angelina aliziba mdomo kwa kiwiko. Marcelino hakucheka. Alikuwa amesikia kitu kingine: mara mbili sasa, jina lake limetoka bila *Ndugu* mbele yake. Kwa miezi minane neno lile lilikaa kati yao kama meza.

Josepha alikuwa amekunja uso tena, lakini hasira ilikuwa imeondoka. Uso ule Marcelino aliufahamu. Ndio aliokuwa nao kila anapoulizwa swali asilokuwa na jibu lake tayari.

"Uliwachanja wote?"

"Waliokuwepo. Kuku arobaini, waliochanjwa thelathini na mmoja. Tisa walikuwa wameruka ukuta, bwana mifugo akachoka kusubiri."

"Kwa hiyo kuna mayai ya mama tisa wasio na kinga, yamechanganyika na mengine." Akapiga goti kwa kalamu. "Waliokufa ni hamsini na wawili. Laiti ningejua yai lipi lilitoka kwa kuku yupi! Lakini nani duniani anajua jambo kama hilo?"

"Imeandikwa," Marcelino alisema.

"Imeandikwa wapi?"

"Kwenye yai. Chini ya tarehe."

Josepha akafungua daftari lake harakaharaka. Safu baada ya safu, pembeni mwa kila yai, alikuwa amenakili namba ndogo: 8, 22, 31, 5.

"Hii?" Sauti ilimpanda. "Hii ni namba ya kuku? Nimeinakili wiki zote hizi. Nilidhani ni hesabu zako za trei. Ninanakili kila kilichoandikwa kwenye ganda, hata nisichokielewa. Lakini unajuaje yupi katoa lipi?"

Marcelino alimpeleka uani, akamwonyesha viota. Kila kimoja kilikuwa na mlango wa ubao mwembamba uliofungwa kwa uzi. Kuku akiingia, mlango unaanguka nyuma yake, na hatoki mpaka Marcelino aje, asome kitambaa chenye namba mguuni, na aandike kwenye yai. Josepha aliinama, akaupandisha mlango, akauachia uanguke. Akaupandisha tena. Mara nne.

"Nani alikuagiza ufanye hivi?"

"Hakuna. Nilitaka kujua tu."

Aliinuka, na kwa kitambo walisimama karibu mno kwa watu wawili wanaozungumzia viota. Macho ya Josepha yalikuwa na ung'avu ambao Marcelino hakuthubutu kuutazama sana, wala hakuweza kuacha kuutazama.

"Lete daftari lako," alisema kwa upole. "Tuanze na waliokufa."

Walikaa juu ya mkeka uani, bega kwa bega, maana madaftari yalikuwa mawili na kivuli kilikuwa kimoja. Josepha alisoma namba, Marcelino alitafuta.

"Thelathini na moja."

"Hakuchanjwa. Huyo alikuwa juu ya paa."

"Saba."

"Hakuchanjwa."

"Thelathini na moja tena."

"Huyo huyo wa paa."

"Ishirini na sita."

"Hakuchanjwa."

Kila jibu lilimfanya Josepha asogee mbele kidogo. Vidole vyao viligusana penye ukingo wa ukurasa, na hakuna aliyeviondoa mapema. Angelina aliweka vikombe viwili vya chai ya rangi, akarudi kwenye kigoda chake. Ukurasa wa kwanza ulikwisha, wa pili, wa tatu. Waliokufa wote walikuwa wa wale tisa.

"Kumi na nne," Josepha alisoma, kwenye ukurasa wa tano.

Marcelino alitafuta. Akatafuta tena.

"Kachanjwa."

"Hakika?"

"Ameandikwa. Nilimshika mimi mwenyewe."

"Labda yai moja tu lilikufa kwa bahati mbaya." Akafunua mbele. "Hapana. Kumi na nne huyu hapa tena. Na hapa. Mara tatu." Aliinua uso, na tabasamu lake lilikuwa la mtu aliyepewa kitu. "Kwa nini wewe, kumi na nne? Chanjo ilikukataa? Au uliitema?"

"Ni yule pale," Marcelino alionyesha. Kuku mweusi mwenye shingo tupu alikuwa amesimama juu ya ukuta, akiwatazama kwa jicho moja.

"Nahitaji damu yake, nione kama ina kinga."

"Sasa hivi humpati, Mwalimu. Huyo jioni hashikiki."

Jioni. Josepha alitazama saa yake. Ilikuwa saa kumi na mbili kasoro robo. Tabasamu likamtoka.

"Kuna wageni kwa kaka saa kumi na mbili," alisema, akiwa ameinamia daftari. "Wamekuja kutoka Songea. Wana barua."

Marcelino hakuuliza barua ya nini. Barua ya namna ile huwa moja tu: ya posa.

"Basi usichelewe," alisema. Maneno yalimtoka makavu.

"Nimekwisha kuchelewa. Nilijua ni saa ngapi, Marcelino. Nilikuwa na saa mkononi muda wote." Akasimama, akakung'uta gauni. "Kaka ananiuliza, huyo mtu amesoma mpaka wapi? Sikuwa na jibu zuri. Leo nimelipata. Nitamwambia, aje kesho aone."

"Aone nini?"

"Kesho saa nne nina somo na mwaka wa tatu. Nitawaleta hapa. Wote ishirini na wawili. Watamulika mayai, watasoma madaftari haya mawili, na tutamtoa damu kumi na nne mbele yao. Utawafundisha viota."

"Mimi? Niwafundishe wanaosomea udaktari?" Alitazama fulana yake. "Utawaambia nilikosea?"

"Nitawaambia nilikosea mimi. Wiki sita nimenakili namba, na sikumuuliza aliyeiandika." Akamgeukia Angelina. "Dada, umenisikia? Kosa ni langu. Na barua ile, nikifika, nitaomba irudishwe kwa heshima. Nasema mbele yako ili kesho usije ukasema sikusema."

Angelina alimtazama kuanzia kichwani hadi kwenye vumbi la viatu.

Josepha alipofika kwenye mlango wa uani aligeuka. "Tumeishia ukurasa wa tano. Usiendelee bila mimi."

"Siendelei."

Akaenda, akitembea upesi kuelekea Faya. Marcelino alibaki amesimama mpaka gauni lake likapotea katikati ya watu waliokuwa wakitoka sokoni. Aliporudi, Angelina alikuwa akijifunga kanga upya, mikono imenawa.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Kwa Mama Candida, kuazima mabenchi."

"Ya nini?"

"Watu ishirini na wawili watakaa wapi, juu ya kuku? Na yule kaka mwenye shati jeupe akija, atukute tumesimamisha watoto wa watu?"

"Nilidhani humtaki Mwalimu."

"Simtaki. Mwanamke wa vitabu vile atakufundisha mpaka namna ya kupuliza uji." Alisimama kidogo mlangoni. "Lakini kasema kosa ni lake, na hakuna aliyemlazimisha. Mimi na uzee huu sijaliweza hilo. Kesho nitamtazama vizuri. Na wewe kashone fulana hiyo."

Marcelino aliingia chumbani. Yalikuwa yamebaki mayai kumi na sita hayajamulikwa, na mwanga wa balbu bado ulikuwa ukitoka kwenye tundu la boksi. Alichukua moja, akalishika kiganjani mpaka likapata joto lake, kisha akalirudisha kwenye mashine pamoja na wenzake. Watakaolimulika watakuja saa nne. Akazima balbu, akatoka uani kutafuta sindano na uzi.